Aliyesimama Kuume

Minembwe, 3 Februari 2024

Yaya Adolphine, dada yangu wa shuleni,

Mwandiko wangu bado unaujua, kwa hiyo sitaanza kwa kujitaja. Ukishangaa kwa nini nimerudi kwenye karatasi kama tulipokuwa interna, bwenini kwa masista, sababu ni simu. Kila anayeshuka kutoka huku anasema vijana wa bariyeri za barabarani wanazifungua na kusoma majina yaliyomo, na jina la Kinyamulenge kama Mukashema likionekana kwenye simu yako, utakayeumia ni wewe. Karatasi iliyofukiwa ndani ya maharage hakuna anayeisoma. Mama Pulchérie, yule anayepandisha chumvi na ndagala wa ziwani mpaka Lubondja na kushuka na maharage, amekubali kutubebea. Wanamwacha apite kwa sababu pande zote mbili zinataka chumvi.

Yaya, wamemkamata mume wangu Irakiza.

Alishuka kutafuta chanjo ya ng'ombe. Nilimkataza. Akaniambia ng'ombe hawajui kama kuna vita, wao wanakufa tu, na mtu aliyesomea kuwatibu hawezi kukaa jikoni akiwatazama. Walimsimamisha kabla ya Fizi, wakamvua viatu, wakampeleka huko kwenu Baraka. Wanasema ni mgeni, ametumwa kupeleleza, hana babu katika nchi hii. Na mkubwa wao ni Guy. Nilipoambiwa jina hilo nilifikiri ni Guy mwingine. Ni mdogo wako, Yaya, Guy yule niliyembeba mgongoni likizo niliyokuja kwenu, akanikojolea kitenge.

Sasa sikia ninachokuomba. Sebuleni kwenu kuna ule ukuta wa picha za zamani. Nauona wote hata nikifumba macho. Mzungu wa pamba mwenye ndevu na mbwa wake. Mgiriki na mkewe mnene mbele ya duka. Masista wa kwanza na baiskeli yao moja. Halafu wenyeji wakubwa, mwalimu wa kwanza, muuguzi wa kwanza, karani wa kwanza, wote wamevaa tai ileile ya Padri aliyewapiga picha; tulicheka mpaka baba yako akatufukuza. Na katikati kuna ile ya mwaka 1954. Mzungu wa Teritware, mtawala wa wilaya, ameketi kwenye kiti, kofia magotini, na huku na huku wamesimama watu wawili. Mmoja ni babu yako Wilondja. Wa pili ni Ntagwabira, babu yake Irakiza, aliyeitwa siku hiyo kama mkubwa wa watu wa huku juu. Majina yako nyuma kwa mkono wa Padri. Baba yako aligeuza fremu akatusomea, na mimi sikujua kama siku moja nitaolewa katika ukoo huo.

Mwonyeshe Guy. Mtu ambaye babu yake alisimama na babu yenu mbele ya Serikali miaka sabini iliyopita, anaitwaje mgeni? Sina kitu kingine cha kumtetea mume wangu. Hana cheti kinachoaminika, hana ndugu huko chini, ana picha tu, na iko ukutani kwenu.

Naogopa, Yaya. Nikiendelea kuandika nitalia, na mama mkwe amekaa hapa ananitazama.

Mdogo wako,
Mukashema


Baraka, 10 Februari 2024

Mdogo wangu Mukashema,

Kwanza hili: yu hai. Nimemwona kwa macho yangu. Soma tena hapo kabla hujaendelea, maana nakujua, unaruka mistari.

Wamemfungia katika ile depo ya zamani ya pamba nyuma ya soko. Ndiyo, depo ya yule Mzungu wetu mwenye mbwa. Paa limetoboka, lakini mlango ni wake wa zamani, wa mbao nzito, na kufuli wameweka jipya. Nampelekea bugali na ndagala, na siku nyingine sombe, yale majani ya muhogo. Wananiruhusu kwa sababu mimi ni yaya wa mkubwa wao, ila mlinzi husimama karibu na kusikiliza, hivyo hatusemi zaidi ya salamu. Midomo yake imevimba. Anakula kidogo. Ameniuliza habari zako nikamwambia unaendelea vizuri, na unisamehe kwa uongo huo.

Lakini nikwambie ukweli, kosa lingine ni lake mwenyewe. Ulikuwa na mume mwenye adabu, sijui imekuwaje. Guy na vijana wake wametengenezewa fulana, kifuani sura ya babu Wilondja iliyotolewa katika picha hiyohiyo unayoisema, na chini yake maneno MWENYE NCHI. Hakuna kijana wa bariyeri asiyeivaa, na walioanguka vitani walizikwa nayo. Basi siku waliyomleta mbele yao, Irakiza akaitazama fulana, akasema: "Bandugu, huyu mwenye muko nabeba ku kifua ni babu yangu. Ni sura ya baba yangu kabisa."

Walimpiga, na ndipo midomo ilipovimba. Mimi nilipoambiwa nilikasirika nusura nisipike. Kesho yake nikamwambia pale mlangoni, shemeji, acha mchezo na babu za watu. Nadhani fimbo na njaa vimemchanganya, usimlaumu.

Sasa habari ya picha. Nilitoa fremu ukutani nikamwekea Guy mezani wakati anakunywa chai. Aligeuza, akasoma, akaisahau chai mpaka ikapoa. Nikajua imemgusa. Guy si mnyama, Mukashema, hata kama sasa unamwona hivyo. Halafu akasema:

"Yaya, jina kila mutu anaweza andika. Tuma hii picha kule yulu. Kama muzee wabo, mwenye alimujua ule mutu na macho, anamuonyesha bila kumuambia kitu, na huyu mwenye tumefunga anaonyesha uleule mbele ya bazee ba hapa, mi nitamufungulia. Lakini bakipitana, usikuye kunililia."

Hayo ndiyo masharti, na kutoka kwa Guy ni mengi. Mama mkwe wako huko juu, Irakiza hapa chini, wote wawili waonyeshe mtu mmoja.

Sisi hatuwezi kusaidia, kwa sababu kwetu hakuna aliyebaki wa kumtambua yeyote. Babu alizama ziwani baba akiwa bado ananyonya. Wakati wa uasi nyumba iliungua, bibi akakimbilia Kigoma na akafia huko. Tuliporudi, misioni ilitupatia picha hizi zilizokuwa zimefichwa na masista, na tukajifunza sura ya babu kutoka kwa maandishi. Padri aliandika hivi: Kuume, Ntagwabira. Kushoto, Wilondja. Basi ukiitazama, babu yetu ni huyu wa kushoto, wenu ni huyu wa kuume. Ndivyo tunavyowaita hata leo nyumbani, Wa Kushoto na Wa Kuume, kama majina. Usitafute tofauti kwenye nguo, maana Padri aliwavika wote wawili makoti meusi ya misioni.

Na unisamehe utakachokiona. Wa Kuume hana macho. Guy akiwa mtoto alimtoboa kwa pini, eti yule Mnyamulenge anamtazama vibaya. Siku ile tulicheka.

Mpe mama mkwe wako picha, na wewe ufunge kinywa chako. Alikaa bomani kwa mzee huyo tangu alipoolewa mpaka alipomzika, uliniambia mwenyewe. Mwache aonyeshe. Nimeifunga katikati ya ndagala, itanuka, lakini mtu wa bariyeri hataki kutia mkono humo.

Yaya wako,
Adolphine


Minembwe, 18 Februari 2024

Yaya,

Picha imefika na inanuka kama ulivyosema. Naandika barua mbili. Hii ni yako peke yako, na ukiimaliza uitie motoni. Ile ndogo iliyokunjwa ndani yake ni ya Guy.

Nilimpa mama mkwe picha mlangoni, kwenye mwanga. Sikusema kitu. Sasa inabidi ujue desturi moja ya kwetu. Mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, wala hamkodolei macho. Akikutana naye hujifunika. Mimi na wewe tulisoma kwa masista, haya tunayafanya nusunusu. Mama huyu hajawahi kuyaacha, hata mzee alipokuwa amelala kaburini alipita pale akiwa amevuta kitenge. Basi alishika picha, akaisogeza, akaigeuza kidogo kwenye jua. Halafu akavuta kitenge chake, akafunika uso upande mmoja na kuinama.

Nilingoja kidole. Hakikuja. Nikadhani analia, nikamwuliza: Mama, ni yupi? Akanijibu kwa hasira kwamba nimemweka mbele yake bila kumpa nafasi ya kujifunika, na sasa nataka amnyooshee kidole kama mtoto asiyelelewa.

Ndipo nikatazama amejifunika kutoka kwa nani. Amejifunika kutoka kwa Wa Kushoto, huyu mwenye macho.

Sikuamini. Nikaziba upande huo kwa kiganja nikamwonyesha Wa Kuume peke yake. Alimtazama wazi, bila haya yoyote, akasema: "Huyu simjui. Maskini, nani alimtoboa macho?" Nikaondoa kiganja. Akajifunika tena.

Yaya, kaa kitako kwanza. Mtu wa kwenye fulana ni Ntagwabira.

Unamkumbuka Sista Rosette akitufundisha Nasadiki, na ile picha ya mbinguni darasani? Alikuita mbele umwonyeshe Yesu aliyeketi kuume kwa Baba. Ukaenda na madaha yako yote, ukagusa upande wa mkono wako wa kuume, ukakuta malaika. Akakuvuta sikio: "Kuume ya nani, Adolphine? Yako ao ya Baba?" Mimi Mprotestanti wa darasa nilicheka mpaka nikafukuzwa nje. Basi Padri naye alihesabu kama Sista Rosette. Kuume ni kuume kwa Mzungu aliyeketi, si kwetu tunaotazama. Ninyi mkasoma kama ulivyosoma wewe siku ile. Miaka yote hiyo mmemtundika babu yetu mahali pa babu yenu, na Irakiza hakuwa anacheza na mtu. Alisema alichokiona.

Nikuambie kitu cha aibu: nilifurahi. Nilikwenda mtoni kuteka maji nikicheka peke yangu. Nilipokuwa narudi nikamwona Guy kichwani mwangu, na kicheko kikaisha. Ukimwambia Guy kwamba anatembea na Mnyamulenge kifuani, kwamba wenzake wamezikwa naye, atamfungulia Irakiza? Atamuua siku hiyohiyo ili maneno yasitoke nje. Wewe ndiye dada yake, lakini hili mimi nalijua kuliko wewe.

Kwa hiyo katika barua ya Guy nimedanganya. Nimeandika kwamba mama mkwe amemwonyesha yule mwenye macho yaliyotobolewa, palepale, bila kuambiwa. Ni mara ya kwanza naandika uongo kwa mkono wangu.

Chukueni babu yetu. Mvaeni, mwiteni Wilondja, mwimbieni nyimbo zenu. Mimi mnipe mume wangu.

Linabaki jambo moja na liko mikononi mwako. Irakiza hajui kama nimedanganya. Wakimwuliza mbele ya wazee atasema kweli kama alivyosema mwanzo, kwa sababu ndivyo alivyo, na ndivyo nilivyompendea. Mfikie kabla yao. Mwambie aonyeshe yule asiye na macho. Hilo tu, Yaya. Yule asiye na macho.

Picha nairudisha kwa Mama Pulchérie pamoja na barua.

Mdogo wako,
Mukashema


Baraka, 2 Machi 2024

Mdogo wangu,

Irakiza amekufa. Nimechana karatasi nyingi nikitafuta namna ya kufika hapo polepole na sikuipata. Amekufa Jumapili iliyopita, baada ya misa, nyuma ya depo ya pamba. Tumemzika mimi na Mama Pulchérie na mafundi wawili wa mitumbwi ambao sikuwaomba, walikuja tu. Amelala upande wa migazi, ile michikichi ya parokia, mahali pakavu. Mama Pulchérie atakuonyesha siku njia ikifunguka.

Nitakuandikia kila kitu, na ukichoka uache.

Guy alisoma barua yako kwa sauti. Alitingisha kichwa, akasema: "Sawa. Mama yao ameonyesha Wa Kuume. Sasa kunabakia yeye." Nilimwona amepumua. Nakuapia alitaka jambo hili liishe vizuri, alikuwa ameshaniuliza kama nina viatu vya kiume vya kumpa, kwa sababu vya Irakiza vilikuwa vimekwisha potea.

Jumamosi nilibeba chakula. Mlinzi alikuwa mgeni kwangu, kijana ametolewa bariyeri ya Kazimia, na hakutaka kujua mimi ni yaya wa nani. "Mama, weka bugali chini, urudie." Nilimbembeleza. Nikamwambia mgonjwa wangu ana maumivu ya mbavu, niache nimwambie neno moja. Akasema moja, na akasogea mpaka nikasikia anavyopumua. Irakiza alikuja kwenye ufa wa mlango. Niliona jicho moja na kipande cha shavu.

Nilikuwa nimeyabeba maneno yako njia nzima, yule asiye na macho, yule asiye na macho. Nilipofika pale nikaona mlinzi ataelewa. Anaivaa hiyo fulana, naye ameshasikia habari ya picha. Basi nikajifanya mjanja. Nikasema kama mtu anayemwambia mgonjwa ageuke: "Shemeji, ulalie kuume. Usisahau. Kuume."

Akasema: "Nimesikia, Yaya. Kuume." Akanishukuru. Nikarudi nyumbani nimefurahi, nikanunua mafuta nikakaanga samaki, nikidhani kesho yake nitakuwa naye mezani.

Mukashema, kwetu yule asiye na macho ameitwa Wa Kuume tangu nizaliwe. Ni jina lake. Ulikuwa umeniandikia ukurasa mzima juu ya neno hilo, hata sikio langu ulinikumbusha, na nilielewa, nililia na kucheka nikisoma. Halafu hofu iliponishika nikarudi kuwa mtoto yuleyule mbele ya Sista Rosette.

Wazee waliketi chini ya hema linalotumika kwenye matanga, picha juu ya meza. Walimleta. Guy akamwuliza: "Babu yako ni nani hapa?" Irakiza aliinama akatazama sana. Halafu akanitafuta kati ya watu. Aliponiona akanitingishia kichwa kidogo, kunituliza mimi, kuniambia usiogope, sijasahau. Akaweka kidole kuume kwa Mzungu wa Teritware. Akasema: "Ni huyu. Ule wa ku kuume."

Kidole chake kilikuwa juu ya mtu wa fulana, huyu ambaye sisi tunamwita Wa Kushoto.

Guy hakupandisha sauti. "Mama yao anasema hivi, yeye anasema hivi. Banatudanganya." Aliyepiga kelele ni mimi. Nilisema kosa ni langu, nilisema kuume, kuume ya Mzungu, kuume ya Baba, sijui nilisema nini, na nilitaja barua. Waliniona nimepagawa. Wanawake wa kanisani walinishika mikono wakanitoa nje, na mmoja wao akaanza kuniombea. Risasi nilizisikia kutoka barabarani.

Siku ya pili baada ya maziko nilimwita Guy nyumbani, nikafunga mlango, nikamwambia yote. Niligeuza fremu. Nilimkumbusha Nasadiki, nikamsomesha yale maandishi, nikachukua kidole chake nikakiweka juu ya kifua chake mwenyewe. Hakubishana nami. Nadhani aliniamini, na ndicho kinachoniogopesha kuliko kama angenipiga. Alikaa, akasema: "Yaya, bavijana bamekufa juu ya hii sura. Bamama yabo beko nayo ku ukuta. Nitabaambia nini sasa?" Halafu akaniambia neno hili lisitoke tena kinywani mwangu, akatoka na fulana yake kifuani. Mpaka leo anaivaa.

Picha nimeitoa ukutani na nakutumia. Nilifikiri kuikata katikati kila mtu achukue wake, mkono ukakataa. Babu yangu mwenyewe amesimama sebuleni kwetu miaka yote hiyo tukimcheka, na macho tulimtoboa sisi. Ukimwona huko juu, mkae naye vizuri. Hajawakosea.

Usinisamehe upesi kwa sababu ya interna na vitenge na utoto wetu. Sitakuuliza kama utanijibu.

Adolphine


Minembwe, 19 Machi 2024

Adolphine,

Picha imefika. Barua yako niliisomea nyuma ya zizi, na nilikaa huko mpaka watu wakaanza kuniita.

Usiniulize kama nina hasira. Ninayo, ila nikitafuta pa kuiweka haikai. Wewe ulisema kuume. Mimi nilidanganya. Mimi ndiye niliyemtegea mtego, kwa sababu kama ningeandika kweli, mama yake na yeye wangeonyesha mtu mmoja, na sijui Guy angefanya nini, lakini wangekuwa wameonyesha mtu mmoja. Nimelizungusha jambo hilo mpaka kichwa kinauma. Kila usiku namwona anakutingishia kichwa ili usiogope. Bado siwezi kukuita Yaya. Labda siku moja. Nakuandikia kwa sababu nimetumwa.

Mama mkwe sijamwambia kwamba mwanawe amekufa. Nilipanga kumwambia Jumamosi akiwapo mchungaji. Lakini picha iliporudi aliniuliza kwa nini inapanda na kushuka hivi, nami sikuwa na nguvu ya kutunga kitu, nikamwambia kipande kimoja cha kweli. Nilimwambia vijana wa Baraka wamechapa sura ya mzee kwenye fulana zao na wanamvaa kifuani.

Nilidhani ataona ni dharau. Halafu akatabasamu, na tangu Irakiza aondoke sikuwa nimeyaona meno yake. Akasema: basi mwanangu yuko kwa watu wema. Watu wanaombeba mzee kifuani hawawezi kumgusa mjukuu wake.

Tangu siku hiyo anakula. Amewaambia majirani wote. Jumapili alisimama kanisani akashukuru kwa sauti, na mimi niliyekaa pembeni yake niliimba pamoja na wengine. Mchungaji anajua, hakuthubutu kunitazama. Jumamosi ilipita, sikusema. Jumamosi nyingine imepita.

Picha ameiweka karibu na kitanda chake. Usiku anaigeuzia ukutani ili aweze kulala bila kujifunika, asubuhi anaigeuza tena. Huyo babu yako, mama mkwe anamwita yule kipofu. Anamsalimu.

Leo asubuhi ndipo aliponituma. Anasema wewe ni mtu wa Baraka na vijana hao unawajua. Anaomba, Irakiza atakapokuwa anarudi, umpe fulana moja amletee. Iwe kubwa, ya kuvaa juu ya sweta, maana huku kuna baridi. Ameshafikiria kila kitu: akiivaa yeye atakuwa amembeba mzee bila kulazimika kumtazama usoni.

Amekaa hapa mlangoni. Ameniuliza kama nimeandika habari ya sweta.

Nimemwambia nimeandika.

Mukashema